Nani Anakuja Kuangalia? Kuuguza Nyumbani Rungwe, Jana na Leo

Katika Unyakyusa wa zamani mkaza mwana hakuruhusiwa kumtazama baba mkwe wake. Hakuingia nyumbani kwake, hakutaja jina lake, na akimwona anakuja njiani alijitosa migombani akajifunika uso mpaka mzee apite. Wageni walioandika habari zetu waliliona hilo kama ajabu la heshima. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi katika wilaya hii mpaka nikastaafu, na kila nikiufikiria mwiko huo naliona kwanza swali la kitandani: mzee huyo akianguka asiweze kuinuka, nani atamgeuza? Nani atamwosha?

Jibu lilikuwapo, na lilitokana na namna watu walivyokaa. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti wao huku katika miaka ya 1934 hadi 1938, walikuta watu bado wanaishi katika vijiji vya marika. Mvulana wa miaka 10 au 11 alitoka kwa baba yake, akaenda kujenga vibanda pembeni pamoja na wenzake. Walipooa, wake zao waliwafuata hukohuko, na pale pakawa kwao mpaka uzeeni. Kwa hiyo mzee wa Kinyakyusa hakuzeeka akizungukwa na wanawe na wakaza wanawe. Alizeeka katikati ya watu aliochunga nao ng'ombe utotoni.

Akiugua, wake zake walimpikia na kumwosha. Wanawe walikuja kumnyanyua. Na wenzake wa rika walikuja kukaa naye, maana kula na kunywa na kuzungumza pamoja, ukwangala, ndio uliokuwa utu wenyewe, na mtu aliyejitenga na wenzake alishukiwa kuwa na ubaya moyoni. Bibi yangu, aliyenilea upande wa Masoko, alikuwa akituambia kwamba wazee hao hawakuja kusalimu tu. Waliuliza amekula nini. Walimfunua shuka wakamtazama mgongo. Wakikuta uchafu, walitoka nje wakalisema hapo uani, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni.

Nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na hofu. Watu waliamini kuwa manung'uniko ya majirani, ile pumzi ya watu waliokasirika kwa haki, yanaweza kumshusha mtu homa au kumlemaza. Aliyempuuza mzazi wake kitandani alijua kwamba majirani wamejua. Sitamani imani hiyo irudi. Iliwaonea wengi, na wapo waliohama vijiji vyao kwa tuhuma za uchawi zisizo na chembe ya ukweli. Lakini ndani ya mpangilio ule kulikuwa na kitu ambacho nimekitafuta baadaye katika kila mwongozo niliopewa kusoma, yaani mtu wa pili. Anayeuguza hakuachwa peke yake na mgonjwa. Palikuwa na mwingine mwenye haki ya kuingia, kufunua na kuangalia.

Wamishenari wa Kimoravian walijenga kituo chao Rungwe mwaka 1891, mwaka uleule ambao wenzao wa Berlin waliingia bonde la Nyasa. Wamoravian hao walikuwa watoto wa Herrnhut, mji mdogo wa Saxony ulioanzishwa mwaka 1722, ambako waumini waligawanywa kwa umri, kwa jinsia na kwa hali ya ndoa: waseja mahali pao, wajane mahali pao, watoto mahali pao. Tangu mwanzo walikuwa na watu waliokabidhiwa kazi ya kuhudumia wagonjwa. Hufurahi nikifikiria kwamba watu waliojipanga kwa marika huko Ulaya walipanda mlima huu wakakuta wengine waliojipanga kwa marika tangu zamani.

Ukristo uliulegeza mwiko wa baba mkwe, haukuufuta. Vijiji vya marika vilififia polepole, kahawa na chai vikachukua ardhi, vijana wakaenda kutafuta kazi migodini kusini, na kazi ya kuja kuangalia ikaangukia wanawake wa kanisa. Hao nimewaona kwa macho yangu. Majina ya wagonjwa yalisomwa ibadani Jumapili, na mchana wao walishuka mabondeni na ndizi, maziwa ya mgando na mzigo wa kuni. Mmoja alichemsha maji, wawili walimwosha mgonjwa, wa nne alimpeleka nje yule aliyekuwa akiuguza akamwuliza taratibu yeye mwenyewe anaendeleaje. Walifanya yote hayo kwa mikono mitupu na kipande cha sabuni ya mche. Kwa magonjwa tuliyokuwa nayo wakati ule, mara nyingi ilitosha.

Kisha ukaja ugonjwa uliohitaji zaidi ya hayo.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mkoa wetu wa Mbeya ulikuwa mbali na huko, lakini barabara kuu ya Zambia inapita hapo, reli ya TAZARA inapita hapo, na barabara ya Malawi inakata katikati ya Tukuyu, mji wetu wa wilaya, kuelekea Kyela na Kasumulu. Malori ya ndizi, viazi na mchele yalishuka na kupanda usiku na mchana. Utafiti wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulipotoka, Mbeya ilikuwa na maambukizi ya asilimia 13.5 kwa watu wazima, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Sisi wa mawodini hatukuhitaji kusoma tarakimu hizo. Vitanda vilikuwa vimejaa miaka mingi kabla yake, wengine wakilala chini kati ya kitanda na kitanda, na dawa ya kuutibu ugonjwa wenyewe haikuwapo. Mgonjwa aliambiwa arudi nyumbani. Nyumbani kulikuwa na mama yake, labda na bibi, na hakuna aliyewaambia jinsi ya kumshika.

Mbeya mjini watu wa kujitolea walijikusanya mwaka 1991 wakaunda KIHUMBE, Kikundi cha Huduma Majumbani Mbeya. Uganda walitutangulia: TASO ilianza mwaka 1987, ikiongozwa na Noerine Kaleeba, na mwaka huohuo hospitali ya Chikankata huko Zambia ilikuwa inawatuma watu wake vijijini kuwafuata wagonjwa. Kwetu Rungwe kazi hii iliingia kwa njia nyingi, kupitia zahanati, parokia, sharika na vikundi vya akina mama, hadi tukawa na watu walioitwa wahudumu wa majumbani. Nilipewa kazi ya kuwasimamia walio katika eneo la zahanati yetu. Hapo nilijifunza kanuni za usalama zinakotoka.

Glovu, kwa mfano. Kabla hazijaanza kufika kwa utaratibu, wanawake walivaa mifuko ya nailoni ya dukani na kuifunga kwa uzi kifundoni. Hakuna mtaalamu aliyewafundisha. Walikuwa wanaogopa, walikuwa wanampenda mtoto wao, wakatafuta njia ya kuyafanya yote mawili. Glovu zilipofika zikaleta tatizo lake: zilikuwa chache, na mtu aliyepewa jozi moja aliivaa kumlisha mgonjwa uji, akakosa ya kumsafishia kidonda. Tukawafundisha kwamba uji hauhitaji glovu, wala kumshika mkono mgonjwa hakuhitaji glovu. Damu, usaha, choo na matapishi vinahitaji. Hilo lilikuwa somo la usalama, na papo hapo lilikuwa somo la heshima, kwa sababu mgonjwa anayelishwa na mkono uliovikwa plastiki anajua anachoambiwa.

Au mashuka. Tulifundishwa kwamba nguo iliyochafuka iloweshwe katika Jik, sehemu moja ya dawa kwa sehemu sita za maji, kisha ifuliwe na kuanikwa juani. Jua lipi? Tukuyu ni kati ya mahali panaponyesha mvua nyingi kuliko karibu popote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kuanzia Machi hadi Mei unaweza kukaa wiki nzima hujauona mlima Rungwe. Mgonjwa anayeharisha anahitaji mashuka makavu kila siku, na nyumba yenyewe ina mashuka mawili. Mama mmoja wa Masukulu ndiye aliyetupa njia: mpira wa plastiki juu ya godoro, juu yake vipande vya kitenge kilichochakaa badala ya shuka zima, na vipande hivyo kukaushwa darini juu ya moto wa jikoni usiku. Vilinuka moshi, lakini vilikuwa vikavu. Tulikipeleka kila nyumba kile alichobuni yeye.

Kifua kikuu kilitutesa zaidi, maana kilikwenda sambamba na ugonjwa ule mkubwa. Kanuni inasema dirisha liwe wazi, hewa ipite. Mwezi wa Juni na Julai huku ni baridi, nyumba nyingi zina madirisha madogo, na wazazi wetu wanaamini, si bila sababu, kwamba upepo wa baridi humuua mgonjwa wa kifua. Mhudumu alifungua, akiondoka wakafunga. Nilishuhudia mabishano marefu juu ya dirisha moja. Tulichokubaliana mwishowe na familia nyingi ni kumtoa mgonjwa barazani kila jua linapochomoza, amevikwa blanketi, na kuacha nyumba wazi kwa muda huo. Haikuwa sawasawa na kilichoandikwa. Ilikuwa ni kile ambacho watu wangeendelea kukifanya sisi tukishaondoka.

Na mwiko ule wa baba mkwe ukarudi kwa mlango ambao mababu hawakuufikiria. Ugonjwa uliwaua wana, ukawaacha wake zao kitandani katika boma la wakwe. Nilimkuta mzee mmoja aliyebaki na mkaza mwana wake tu. Mkewe alikuwa amefariki, mwanawe pia. Kila asubuhi mzee huyo alipika uji, akauweka kizingitini, akakohoa kumjulisha, kisha akageuka kutazama migomba hadi asikie kikombe kinasogezwa. Binti huyo alikuwa hawezi tena kutambaa hadi kizingitini. Mzee alilia akiniambia, "Mama, nifanyeje? Siwezi kuingia." Sikumwambia aingie. Tulimpata mhudumu mwanamke kutoka kitongoji cha pili, na jirani wa kulala naye usiku, na mzee akaendelea kupika. Tangu siku hiyo, kabla ya kumpangia mhudumu nyumba yoyote, niliuliza kwanza nani katika boma hilo haruhusiwi kumwona nani.

Mwaka 2005 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa taifa wa huduma za majumbani. Ulieleza mafunzo ya mhudumu, vitu vya mkoba wake, fomu ya rufaa, rejista, na nani anamsimamia nani. Niliusoma nikitambua ndani yake nyumba nilizozipita. Mkoba wenyewe ulikuwa na pamba, gozi, sabuni, GV, Panadol, chumvi za kuongezea maji mwilini, mafuta ya kupaka ngozi. Ulikuwa pia na nembo kubwa ya mradi, na hapo kuna jambo ambalo waliouchora hawakuliona: mwenye mkoba ule akiingia boma fulani, kitongoji kizima kimeshajua. Wahudumu wetu waliufunga katika kitenge wakaubeba kama mzigo wa unga. Katika rejista tukaacha majina, tukaandika namba. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilipokataza kutoa siri ya hali ya mtu, wanawake wale walikuwa wameshailinda siri hiyo miaka mingi kwa kipande cha nguo.

Sehemu ya mwongozo niliyoithamini kuliko zote ni ile ya usimamizi. Kila mwezi mtu wa zahanati alitakiwa kwenda na mhudumu hadi kwa mgonjwa. Mara za kwanza wahudumu walidhani nakuja kuwakamata. Niliomba ruhusa ya mgonjwa, nikafunua blanketi, nikaangalia mgongo, nyonga na visigino, maana kidonda cha kulalia huanza na wekundu tu, na kwa ngozi yetu hata wekundu hauonekani vizuri. Unashika, unasikia joto na ugumu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku nao umo. Wengi walilalia magunia yaliyojazwa majani makavu ya migomba, yanayojikunja yakawa mabonge. Nikiona dalili, tulikaa chini na mama wa nyumba tukapanga zamu upya. Baada ya muda wahudumu ndio walionitafuta. "Utakuja lini, mama? Kuna mmoja nataka umwone." Mtu anayefanya kazi ngumu peke yake gizani anatamani mwenzake aje aone.

Tulishindwa katika maumivu. Tulikuwa na Panadol kwa watu waliohitaji mofini. Uganda, ambako Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, serikali iliwaruhusu mwaka 2004 wauguzi waliosomea huduma ya kuwapunguzia wagonjwa maumivu kuandika mofini ya kunywa. Nchi nyingi hudhani usalama wa dawa kali ni kuifungia mbali na muuguzi. Waganda waliona kwamba mgonjwa anayepiga kelele usiku kucha naye hayuko salama, wakaiandika ruhusa. Bado naamini walifanya jambo kubwa kuliko sifa walizopata.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwezi wa Oktoba 2004, zikatufikia Rungwe, na watu wakaamka vitandani. Namshukuru Mungu kwa hilo. Kazi ya mhudumu ikageuka: badala ya kuosha na kugeuza, akawa anamkumbusha mtu tarehe ya kliniki na kumfuata aliyeacha dawa. Fedha za wafadhili zikafuata kazi hiyo mpya. Wilaya nayo ikagawanyika, Busokelo ikawa na halmashauri yake, na miradi iliyokuwa inalipa nauli na posho ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Kitu cha kwanza kufa kilikuwa safari ya msimamizi. Mkoba ulibaki, rejista ilibaki, wahudumu wengine waliendelea kuwatembelea majirani bila senti, na hakuna aliyekuja tena kufunua blanketi pamoja nao. Kanuni zote zilikuwa bado zimeandikwa.

Wagonjwa wa kitandani wa leo ni wengine. Ni wazee. Sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 3 wa miaka 60 na kuendelea katika nchi hii, na hapa kwetu nawaona Bulyaga, Ilolo, Kiwira: kiharusi, sukari, nyonga iliyovunjika kwa kuteleza kwenye udongo wa mvua. Watoto wako Dar es Salaam na Mbeya, wanatuma pesa kwa simu. Wanaajiri binti wa kumwangalia bibi, mara nyingi ni msichana aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne, anayelala chumba kimoja na mgonjwa na ambaye hajawahi kuonyeshwa jinsi ya kumnyanyua mtu mzima bila kujiumiza kiuno. Sheria ya uuguzi na ukunga ya mwaka 2010 inamdai leseni anayejiita muuguzi. Binti huyu hajiiti hivyo. Amri ya kima cha chini inataja mshahara wa mtumishi wa nyumbani, haitaji visigino vya bibi.

Mpwa wangu yuko Uingereza anafanya kazi hiyohiyo, kuzunguka nyumba za wazee asubuhi na jioni. Uingereza ilifungua viza kwa watunza wagonjwa mwaka 2022 ikaifunga kwa waajiriwa wapya kutoka nje Julai 2025, na kati ya miaka hiyo Waafrika wengi waliingia. Ananieleza kwamba kampuni ya huduma za nyumbani kule hukaguliwa na tume ya serikali iitwayo CQC, inayouliza mambo matano, la kwanza likiwa kama huduma ni salama. Kilichonigusa zaidi ni kitu kidogo: mpango wa huduma na maandishi ya kila siku hukaa pale mgonjwa alipo, au siku hizi kwenye simu ambayo mhudumu wa zamu inayofuata ataifungua. Atakayeingia jioni anasoma alichofanya wa asubuhi. Rejista zetu tuliondoka nazo mikononi. Familia haikubaki na neno lolote la kusoma.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaolengwa kufika 137,294 katika miaka mitano, wenye mafunzo ya miezi, na wenye malipo. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu nimewaona wanawake waliofanya kazi hii miaka mingi kwa posho iliyokuja ilipojisikia. Ninachowaomba viongozi wa halmashauri zetu mbili ni kwamba nauli ya msimamizi isiwe kipengele cha mwisho katika bajeti. Na wanawake wa kanisa, ambao bado wanashuka mabondeni Jumapili mchana, wapewe nusu siku ya kufundishwa cha kuangalia. Mlango umeshafunguliwa kwao; hawahitaji barua ya utambulisho.

Majirani huniita hata sasa nikawatazamie wazee wao, na huenda. Nikiingia huomba daftari la kawaida la shule liwekwe karibu na kitanda, liandikwe saa aliyogeuzwa, alichokula, alichokunywa, choo, dawa. Naangalia mgongo, nyonga, visigino. Nanusa godoro. Natazama kama kikombe cha maji kiko upande wa mkono anaoweza kuuinua. Kisha namtoa nje yule binti, kama walivyofanya wale mama zangu wa kanisa, namwuliza jana usiku alilala saa ngapi, na nani anamshikia zamu akiugua yeye.